Nahodha wa Karoline: Maisha ya Ejler Thorup wa Kisiwa cha Ellerø

Wasifu huu umeandikwa na mjane wa marehemu, na unasomwa katika kanisa la Ellerø, Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, na binti yao, Ragnhild. Familia inaomba usikilizwe hadi mwisho. Limo ndani yake jambo moja ambalo halijapata kusemwa mbele ya watu, na jina la marehemu limelisubiri kwa miaka ishirini na mitano.

Ejler Kristian Thorup alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 katika nyumba ya chokaa iliyo juu ya bandari ya Ellerø, mtoto wa tatu na kitindamimba wa mzee Niels Peter Thorup, mvuvi, na mama Ane. Nchi ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, mafuta ya boti hayapatikani, na mkunga alikuwa akiishi ng'ambo ya mkondo, katika mji wa Bredvig. Alikuja hivyohivyo, kwa makasia yake mwenyewe, na mkoba wake umefungwa kiunoni ili akizama uzame naye. Jina lake lilikuwa Karoline Bruun. Miaka ishirini na mitano baadaye, wanakisiwa walipoulizwa feri yao mpya ya magari iitwe nani, hakukuwa na ubishi. Kwa hiyo Ejler alipokelewa duniani na Karoline wa kwanza, na Karoline wa pili akawa naye karibu maisha yake yote ya kazi.

Alisoma katika shule ya kisiwani, chumba kimoja, jiko moja la makaa, hadi mwaka 1958. Akapata kipaimara katika kanisa hili. Mwaka uliofuata aliajiriwa kama mtumishi wa jikoni katika meli ndogo ya mizigo iliyobeba nafaka na mbao kati ya bandari za Baltiki, na barua alizomwandikia mama yake zilihusu zaidi viazi. Kutoka jikoni alipanda sitahani, na kutoka sitahani akaenda Marstal kusomea unahodha. Alifaulu mwaka 1968 kwa alama nzuri, ambazo familia inazo na haioni sababu ya kuzificha.

Angeweza kwenda mbali. Kampuni moja ya meli kubwa ilimtaka. Lakini tarehe 12 Aprili 1969 Karoline iliingia bandari ya Ellerø kwa mara ya kwanza, imepakwa rangi nyeupe na nyekundu, shule imefungwa ili watoto waione, na Ejler alikuwa juu yake kama msaidizi wa nahodha. Mwaka 1975 akawa nahodha kamili.

Karoline haikuwa chombo cha kujivunia kwa ukubwa. Ilibeba magari tisa, au manane kama mojawapo lilikuwa lori la maziwa. Injini yake ilisikika hadi makaburini. Ilivusha ndama, viazisukari, mbolea, mabiharusi, madaktari wa wanyama, makochi, na watoto wakubwa waliosoma sekondari ng'ambo. Ilivusha pia majeneza, na kila ilipovusha jeneza Ejler alivaa kofia yake ya kazi na kuishusha bendera nusu mlingoti kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1979, barafu ilipoufunga mkondo, alitangulia kila asubuhi kuvunja njia, akirudi nyuma na kusonga mbele, akirudi nyuma na kusonga mbele, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa jirani kiziwi. Ellerø haikukosa maziwa wala dawa mwaka ule.

Wenyeji wanajua, ila waliokuja leo kutoka mbali huenda wasijue, kwamba Karoline ilikuwa na mlango mmoja tu wa magari, wa mbele. Mwenye kupanda alipaswa kuingia kinyumenyume, ili ng'ambo ashuke vizuri. Hapa kwetu kijana hahesabiwi mtu mzima siku ya kipaimara, bali siku anapoingiza trekta lenye tela ndani ya feri kwa rivasi bila kugusa ukuta. Wageni hawakuweza. Ejler aliwapokea gatini, akanyoosha mkono kuomba ufunguo, akawaingizia gari mwenyewe, kisha akaweka kabari ya mbao chini ya gurudumu na kuwarudishia ufunguo kwa maneno yaleyale: "Anayepanda kinyumenyume hushuka akiona aendako." Wapo waliodhani ni methali ya kale. Aliitunga yeye.

Tarehe 9 Agosti 1971, gatini Bredvig, alifika mwalimu mpya wa shule ya Ellerø, Gudrun Holmboe, mhitimu wa chuo cha ualimu cha Skårup, na gari dogo la kijani lililojaa vitabu hadi kioo cha nyuma kikawa hakionyeshi kitu. Ejler alinyoosha mkono kama kawaida yake.

"Ufunguo, bibie."

"Wa nini?"

"Nikuingizie gari."

"Gari ni langu, na leseni ninayo."

"Haya, mwalimu. Bahari haiendi popote."

Alijaribu mara ya kwanza, akatoka. Mara ya pili akaligonga lori la maziwa. Dereva wa lori alichungulia dirishani akasema, "Taratibu, mwalimu. Haya ni maziwa, hatujaagiza siagi." Feri nzima ilicheka. Ejler hakucheka. Alikwenda dirishani kwa mwalimu na kumwambia kwa sauti ambayo haikumfikia mtu mwingine, "Usitazame nyuma. Nitazame mimi." Kisha akasimama mbele ya gari, akamwongoza kwa mikono miwili, na gari likaingia pasipo kugusa kitu.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 26 Mei 1973. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ragnhild mwaka 1975 na Troels mwaka 1978. Katika nyumba yao hakukuwa na sauti ya juu, isipokuwa ya redio wakati wa taarifa ya hali ya hewa, ambayo ikisomwa hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Ejler alikula samaki wa kukaushwa kwa moshi na mkate mweusi kila siku ya kazi kwa miaka arobaini na mbili. Alipoulizwa kama hachoki, alisema, "Nimechoka tangu mwaka sabini na sita. Lakini kuanza kubadilisha nako ni kazi."

Inafaa sasa kueleza habari ya mwaka 1998, kwa kuwa hakuna mtu hapa kanisani ambaye hakuisikia, na wengi wameisimulia.

Mwaka ule halmashauri ya wakati huo ilileta pendekezo kwamba Karoline iwe inalala Bredvig badala ya Ellerø. Kwa asiyeishi kisiwani hilo ni jambo dogo. Feri ni ileile na safari ni zilezile. Lakini feri inapolala ndipo mabaharia wake wanapojenga, na ndipo watoto wao wanaposoma. Feri ikilala ng'ambo, mama mwenye uchungu wa kuzaa hana wa kumwamsha. Inafuata shule kufungwa, na baada ya shule ni duka, na baada ya duka zinabaki nyumba za wageni wa kiangazi na mapazia yaliyofungwa.

Ijumaa, tarehe 9 Oktoba, wajumbe watatu wa halmashauri walipanda Karoline kuja kukagua gati na kuwasikiliza wananchi. Jua lilikuwa limetoka, na maboya yote yalionekana. Katikati ya safari, mahali ambapo mkondo ni mwembamba, mawe upande mmoja na fungu la mchanga tunaloliita Mgongo wa Nguruwe upande wa pili, nahodha aliyekuwa amepita hapo karibu miaka thelathini aliigeuza Karoline ghafla na kuipandisha kwenye fungu.

Bendt Juhl, baharia wake wa sitahani, alikuwa chini akiwamiminia wajumbe kahawa, na kahawa ilimwagikia suruali ya mmoja wao. Bendt alipanda mbio hadi chumba cha usukani.

"Nahodha, umeamua tuegeshe hapa?"

"Shuka ukawaambie wageni hakuna hatari."

"Wakiuliza kwa nini?"

"Waambie nimekosea."

"Wewe?"

"Bendt, shuka."

Kwenye maji yetu hakuna kupwa na kujaa kwa kufuata mwezi. Maji huja na kuondoka na upepo, na siku ile upepo ulikuwa ukiyatoa. Walikaa juu ya mchanga hadi alasiri. Wajumbe waliimaliza kahawa, kisha biskuti, kisha samaki na mkate wa nahodha. Mmoja aliuliza kama ndio wamefika. "Bado, mheshimiwa," Ejler alimjibu. "Maji yametuacha, lakini yana tabia ya kurudi." Kando, karibu na mitego yake, jirani yetu Laurids Dam alionekana akipiga makasia taratibu kuelekea nyumbani. Bendt alimpungia mkono na kumpigia kelele, "Tazama vizuri, Laurids, hii huioni mara mbili." Laurids aliendelea kupiga makasia.

Tangu siku ile masimulizi yakawa mawili. Bredvig walisema nahodha wa Ellerø alikuwa amelewa. Polisi walimpima pumzi palepale gatini, mbele ya watu, na hakukutwa na hata tone, lakini habari ya kupimwa ilisafiri na habari ya majibu ikabaki gatini. Ellerø walisema vingine. Walisema Thorup aliwapandisha wakubwa kwenye mchanga kwa makusudi, ili waonje maana ya kukosa feri. Mwezi Desemba, halmashauri ilipoamua Karoline iendelee kulala kwetu, simulizi hilo likakomaa. Mwaka 2004, alipotimiza miaka sitini, wimbo uliotungwa kwa ajili ya sherehe yake, kama ilivyo desturi, ulikuwa na beti nne nzima juu ya Mgongo wa Nguruwe, na ukumbi wote uliuimba umesimama. Yeye alitabasamu akitazama sahani yake.

Familia ilipenda wakati ule kusema neno, na inalisema leo. Nahodha anayepandisha chombo chenye abiria juu ya fungu kwa makusudi si shujaa. Hastahili kukabidhiwa hata boti ya makasia. Uvumi wa ulevi ulimuumiza Ejler, lakini sifa zilimuumiza zaidi, kwa kuwa hakuweza kuzikasirikia. Feri ilibaki kwetu kwa sababu wananchi wa Ellerø walizungumza vizuri katika ukumbi jioni ileile, wazazi wa watoto wadogo hasa, na mkewe alikuwa mmoja wa waliozungumza.

Mbele ya wachunguzi Ejler alisema sentensi moja: "Nilikosea kupima." Alivuliwa unahodha majira yote ya baridi. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi alifanya kazi ya sitahani katika feri yake mwenyewe, chini ya nahodha kijana aliyeletwa kutoka ng'ambo. Alisimama mvuani akiongoza magari kwa mikono, akiweka kabari chini ya magurudumu. Hakukosa hata siku moja, na hakuacha kunyoa ndevu. Wanakisiwa walikuwa na njia yao ya kumheshimu: kila aliyepanda alishusha kioo cha gari na kumwambia, kwa sauti ya kusikika hadi juu kwenye usukani, "Habari za asubuhi, nahodha." Naye alijibu, "Nahodha yuko juu. Rudi nyuma kidogo." Familia haitasahau salamu zile.

Alirudishiwa usukani tarehe 1 Aprili 1999, akaendelea hadi alipostaafu tarehe 31 Mei 2011. Karoline ilidumu miaka miwili zaidi. Safari yake ya mwisho ilikuwa tarehe 28 Septemba 2013, kisha ikavutwa kupelekwa kwa wavunja meli, na nafasi yake ikachukuliwa na feri ya sasa, yenye milango miwili, ambamo mtu huingia kwa mbele na kutoka kwa mbele bila kujifunza kitu. Ejler alisimama gatini hadi Karoline ilipopotea nyuma ya rasi. Bendt alimuuliza kama anataka kengele, au usukani, au ubao wa jina. "Hapana. Hivyo ni vya feri," alisema. Alichukua kabari moja ya mbao, akaifanya ya kuzuia mlango wa jikoni. Mkewe alilalamika kwamba inanuka mafuta. Alilalamika kwa miaka kumi na hakuiondoa.

Mwaka 2016 madaktari walimwambia kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyokuwa ikiifikisha Karoline gatini pasipo kikombe kutikisika ilianza kutikisa kikombe yenyewe. Alilipokea hilo bila manung'uniko, ila hakupenda kuonekana akinywa kahawa. Kila asubuhi, kwa miaka saba, Laurids Dam alivuka barabara, akaja kukaa naye jikoni na kumshikia kikombe. Watu walishangazwa na uvumilivu wa Laurids, ambaye kwa mengine si mtu mvumilivu.

"Umenichoma ulimi," Ejler alikuwa akimwambia.

"Ndiyo nafuu pekee ninayoipata hapa," Laurids alimjibu. "Meza."

Mwishoni mwa Januari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu na kuvushwa hadi hospitali ya Svendborg, ambako alitunzwa vizuri, na familia inawashukuru wauguzi. Jumapili tarehe 11 Februari, kabla ya adhuhuri, alifumbua macho na kuuliza, "Maji yanarudi?" Mkewe akamwambia yanarudi. Alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Jumatatu asubuhi Laurids alikuja jikoni kama kawaida yake, ingawa hakukuwa na kikombe cha kushika. Alikaa mahali pake.

"Utaandika wasifu, Gudrun?"

"Nitauandika."

"Tarehe tisa Oktoba utaandika nini?"

"Kwamba alikosea kupima. Ndivyo alivyosema yeye."

"Usiandike hivyo."

"Laurids, alinikataza."

"Alikukataza kunisema mimi. Sasa mimi mwenyewe ndiye ninayesema. Andika. Na jina langu uliandike lote, lisije likadhaniwa ni la mwingine."

Basi linaandikwa, kwa idhini yake na kwa jina lake lote, Laurids Emanuel Dam.

Else, mke wa Laurids, alifariki Julai ya mwaka ule wa 1998. Nasi majirani tulimpelekea chakula kwa muda tunaoona unatosha, kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba Laurids alipiga makasia hadi katikati ya mkondo, pale penye wembamba, akayaingiza makasia ndani, akalala chali ndani ya boti yake. Aliijua saa ya feri. Boti ilikuwa ya kijivu na fupi, na mlango wa mbele wa Karoline ukiwa umeinuliwa, aliye sitahani au chini haoni kilicho mbele. Anayeona ni aliye kwenye usukani peke yake.

Ejler aliiona, na aliitambua. Kusimamisha chombo kile kwa umbali ule kulikuwa hakuwezekani. Upande mmoja palikuwa na mawe, ambayo yangeipasua Karoline na watu ndani yake. Upande wa pili palikuwa na mchanga. Alipima, na hakukosea. Alichagua mchanga, na Karoline ilipita kando ya boti karibu kiasi kwamba Laurids anasema angeweza kuigusa kwa mkono.

Mtikisiko ulimwinua Laurids akakaa. Ejler alikuwa amefungua dirisha la chumba cha usukani. Hakumuuliza kitu. Alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua, "Laurids, Gudrun amepika supu ya mbaazi. Nenda ukale. Mimi nitachelewa kidogo." Kisha akafunga dirisha, kwa sababu alisikia miguu ya Bendt kwenye ngazi.

Supu ilikuwepo kweli. Jioni Ejler aliporudi, ameshapimwa pumzi na ameshasemwa gatini, alimkuta Laurids mezani kwake, na mkewe akimjazia bakuli la tatu pasipo kujua anajazia nini. Laurids alipokwenda zake, Ejler alimsimulia mkewe yote, naye alitaka kwenda ukumbini saa ileile kuwaeleza watu. Alikuwa, na bado ni, mtu anayejali jina la nyumba yake. Ejler alimshika mkono.

"Mtu aliyeopolewa majini haonyeshwi watu kabla hajakauka."

"Atakauka lini?"

"Atasema mwenyewe."

Mkewe alikwenda ukumbini akazungumzia feri peke yake, na akakaa na jibu hilo miaka ishirini na mitano. Alisimama katika ukumbi wakati beti nne zikiimbwa, na hakufungua kinywa. Jumatatu hii, jikoni, alimrudishia Laurids maneno yale kama yalivyosemwa. "Nilikauka zamani, Gudrun," Laurids alisema. "Nilikuwa naona haya tu. Na yeye alikuwa akiniachia nione haya kwa wakati wangu."

Jumatano iliyopita Ejler alirudishwa nyumbani. Majirani walikuwa wametandaza matawi ya msonobari gatini Bredvig hadi ndani ya feri. Dereva wa gari la jeneza, kijana mwenye adabu kutoka Svendborg, aliligeuza gari lake ili aingie moja kwa moja, kama feri ya sasa inavyoruhusu. Laurids, ambaye mwezi ujao anatimiza miaka themanini na mbili, alisimama mbele yake.

"Ufunguo, kijana."

"Mzee, hapa mtu anaingia tu kwa mbele."

"Wewe, ndiyo. Huyu hajapata kuingia feri kwa mbele. Nipe ufunguo."

Kijana alimtazama Bendt, na Bendt akamwitikia kwa kichwa ampe. Laurids aliketi kwenye usukani. Nyuma yake palikuwa na jeneza na maua hadi darini, kioo hakionyeshi kitu. Alirudi nyuma kidogo, akasimama. Akajaribu tena, akasimama. Watu waliokuwa gatini walitazama chini. Ndipo mjane wa marehemu alipokwenda dirishani na kumwambia, "Usitazame nyuma, Laurids. Nitazame mimi." Akasimama mbele ya gari, akainua mikono miwili, akamwongoza, na gari likaingia taratibu juu ya matawi pasipo kugusa kitu. Bendt aliweka kabari chini ya gurudumu. Ilikuwa ile ya mlango wa jikoni.

Huko Ellerø nahodha wa sasa aliigeuza feri ili ufunguke mlango uleule. Ejler alishuka akiona aendako.

Marehemu ameacha mjane, Gudrun. Binti, Ragnhild, na mumewe Asbjørn. Mwana, Troels, na mkewe Lisbet. Wajukuu Signe, Malthe na Ane. Dada yake mkubwa, Kirstine, aliye Ærø na ambaye afya haikumruhusu kusafiri. Na jirani yake, Laurids Dam, ambaye familia imemwomba aketi nasi benchi la mbele, na ameketi. Baada ya maziko bendera zitapandishwa hadi juu, na wote mnakaribishwa ukumbini kwa kahawa. Atakayependa kuimba ule wimbo wa mwaka 2004 na auimbe, ila zile beti nne sasa mnajua zinamhusu nani, na mnajua alifanya nini.

Ejler, umefika gatini kwako. Kabari imewekwa. Pumzika.